Valens, Siku Yetu ya Kampala Njo Itakurudishia Jina

Mwaka mumoja umetimia juu yetu, Valens, tangu udongo ya Walikale ikufunike, tarehe tisa ya mwezi wa nane, asubui, chai yako ikiwa ingali moto ku mulango ya shimo ya madini. Hatukuona sura yako. Wenzako walituletea tu kofia, redio yako ya kidogo, na blanketi yenye ilikuwa na harufu ya moshi ya kule. Wewe mwenyewe walikuzika kulekule.

Ni mimi Gentille, bibi yako, njo ninaandika. Mama Thacienne, mama yako muzazi, anakaa hapa karibu ya moto anamenya maharagi, na kila mara ananiambia: weka na hii. Wenye watasoma hii karatasi ku mulango ya kanisa, ao wenye watasomewa, mutuvumilie kama ni murefu. Mwaka muzima sikusema kitu. Mulisema mujane ya Valens iko mupole sana. Nilikuwa ninaangalia.

Tunakukumbuka ku mashini ya kusaga ya Lushebere, ukiwa mweupe wa bunga tangu kichwa mpaka viatu, nyusi na ndevu kama za muzee. Wamama wa kambi ya wakimbizi walikuwa wanakuita Papa Noeli. Ile bunga yenye inabakia ikishikana ku jiwe, wengine wanaifagia na kuwapa nguruwe. Wewe ulikuwa unaifagia polepole na brosi, kiisha unaimwanga ku kitunga ya mama mwenye alifika wa mwisho. Akianza kukubariki mbele ya watu, ulikuwa unapata haya. "Ni mashini inakupatia, Mama, si mimi," ulikuwa unasema, na unageuka unajifanya kama unafunga buloni ya mashini.

Tunakukumbuka ku shamba. Ulikuwa unasalimia maharagi, na watu walikuwa wanakucheka. Unafika asubui, unavua kofia, unasema "Bonjour bote", kiisha njo unashika jembe. Siku moja nilikuuliza kama yanakujibia. Ukaniambia: "Yanajibia mwezi wa kwanza, wakati ya kuvuna."

Na ni juu ya ile shamba ninaandika, juu kuko maneno inatembea mu Lushebere tangu ukufe. Wanasema Valens alikula mulima ya baba yake. Wanasema aliuza, akaona haya, akakimbilia Walikale. Wanayasema ku maji, wanayasema nyuma ya ibada, na mimi nikifika wananyamaza, wananiuliza habari ya mutoto. Mutoto wako anaanza kusimama, Valens. Sitaki asimame juu ya maneno kama hii.

Njo maana leo sitaelezea maisha yako yote. Nitaelezea siku moja. Ilikuwa siku ya kutembea bure mu muji ya watu, hatukufanya kazi yoyote, milango yote imefungwa. Ile siku njo itakutetea.

Munakumbuka ile Noeli mashini ilikuwa imenyamaza. Rulema, ile chuma yenye inazungusha jiwe, ilikuwa imekufa, na mukanda pia, na mu Goma hakukuwa yenye inaenea. Wakasema kuko mu Kampala. Tulikuwa tumeoana miezi tatu, nilikuwa sijavuka mupaka hata siku moja, ukaomba twende wawili. Baba mudogo Symphorien, ndugu mudogo ya marehemu baba yako, njo muzee wa familia na wa kanisa, na alikubali mbio kuliko watu wote. Akakupatia vesti yake, ile koti ya rangi ya kahawa, ya butoni ine za shaba, yenye munaijua wote juu anaivaa kila siku ya Mungu. Alisema mutu wa kwetu haende inje kama mukimbizi. Asubui ya kuondoka akakuletea karatasi ya kusinya, ya kusema ya kama yeye atakuangalilia shamba wakati hauko. Ulisinya ukiwa umesimama, mufuko ku bega, bila kusoma. Nani anasoma karatasi ya baba yake mudogo?

Tulisema tutarudi tarehe 26. Kila mutu alitusikia.

Kampala tulifika tarehe 24, magaribi, butike zikishusha milango moja nyuma ya ingine. Mama Jeannette, mutu wa Masisi mwenye alihamia kule zamani, alitupokea kwake. Kusikia kile tulikuja kununua, alicheka mpaka akakaa chini.

"Chuma? Ku Noeli? Watoto wangu, hapa wanapumzika kesho, na kesho kutwa tena. Muende mutembee tu."

Ukamuelezea kama kwetu konje, mapumziko ya Noeli, ni siku moja, tarehe 26 shefu anafungua ofisi na mashini zinasaga. Akakuambia hapa si kwenu. Simu yetu haikuwa inapiga kutoka kule. Kwa hiyo hapa Lushebere hakuna mutu mwenye alijua ya kama tumekawia. Mushike hii neno, nitairudilia.

Tarehe 25 tulisali. Tarehe 26 tukaamuka, na hatukuwa na kitu ya kufanya.

Sijui kama unakumbuka pale uko, lakini mimi ninaikumbuka saa kwa saa. Ile muji ilikuwa imefungwa kama kabati. Barabara zenye juzi tulipita tukisukumwa, ile siku mutu angelala katikati. Ulikuwa unatembea mukono nyuma, ndani ya vesti ya wenyewe, unasoma majina ku milango ya chuma kama mutu mwenye anapita kusalimia jamaa. Tulifika ku butike ya rulema. Ukagonga. Sentineli, mulinzi wa pale, akatoka na kijiti mu meno, akakuonyesha karatasi ku mulango. Kingereza. Akainua vidole viwili, kiisha saba. Ukamuambia na Swahili yako yote kama umetoka mbali sana, na kama wamama wanakusubiri. Akakujibu na lugha yake. Mulisalimiana na mukono mara mbili na hakuna mwenye alisikia mwenzake.

"Ni mutu muzuri," ukaniambia.

"Alisema nini?"

"Alisema turudi kesho. Ao alisema niko mujinga. Lakini alisema muzuri."

Pale ku jalala kulikuwa wale ndege wakubwa, wenye kichwa ya kipara na mufuko ya kunyongwa chini ya shingo, warefu kama mutoto wa miaka kumi. Walikuwa wanasimama bila kutingizika, wanangojea kama kuko kitu itatupwa. Ukamuangalia mumoja sana. Ukasema: "Gentille, angalia Baba mudogo Symphorien wakati ya sadaka." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ulisema na mapendo, Valens. Ulikuwa unamupenda. Mimi leo nikikumbuka yule ndege, siwezi kucheka.

Tulikula chapati zenye wanakunja na mayai. Tukapanda mulima ya kanisa ya Rubaga, polepole. Viatu vyangu vilianza kunikula, nikavivua, na wewe ukavibeba. Hapa kwetu mwanaume habebe viatu ya bibi yake mbele ya watu. Kule hakukuwa mwenye anakujua. Ulivibeba mpaka juu, kimoja ku kila mukono, kama mutu mwenye anapeleka kuku wawili. Na ku ngazi, butoni ya pili ya vesti ikakatika. Niliisikia ikiruka. Tuliitafuta, tukapiga magoti, tukakosa, na ukapata woga kama mutoto. "Muzee atanikula," ulisema.

Mu kiwanja ya kanisa, hori ya Noeli ilikuwa ingali imesimama, na Yosefu na punda na majani. Kulikuwa papa moja mwenye foto, mashini ku shingo, na ingine ya kutoa karatasi mu mufuko. Swahili yake ilikuwa ya kuvunjika lakini ya kutosha. Akatupanga mbele ya hori. Akakuambia: "Mzee, cheka kidogo."

Ukamujibu: "Foto si kicheko. Ni ya watoto watuone."

Ukaweka mukono ku bega yangu kama vile unashikaka jembe. Na foto ikatoka pale pale, na chini yake, pembeni, maandiko ya rangi ya machungwa: 26, na 12, na mwaka. Ulinipa niichunge. Niliiweka ndani ya kitabu yangu ya nyimbo.

Kiisha tukakaa ku majani, muji yote ikiwa chini yetu, milima na milima na mabati. Ukaangalia murefu.

"Gentille, milima yote hii na sione hata shina moja ya maharagi. Wanakula nini?"

"Wananunua."

"Kwa nani?"

"Kwa watu kama wewe."

Ulifurahi kama vile wamekupatia cheo. Ukaanza kunielezea mulima yetu, kama vile sikuijua. Chini tutaweka mihogo. Juu maharagi yabakie. Na pale katikati, kwenye jua inafikaka ya kwanza, nyumba. Ulichora nyumba na kidole mu majani. Ulihesabia mpaka madirisha.

Ni ile saa, Valens. Ni ile saa wewe ukiwa unachora madirisha, njo mutu mwingine alikuwa anatembea ku mulima yako, anajiita Valens.

Wakati nilikunja kitenge yangu magaribi ile, niliona butoni. Ilikuwa imeanguka ndani ya pindo. Niliifunga ku kona ya kitambaa juu nikupatie kesho yake, na kwa mambo ya kutafuta rulema nikasahau.

Tulirudi hapa tarehe 29. Watu walikuwa wengi mu lupango ya nyumba, na Baba mudogo kitu ya kwanza aliangalia vesti. Hakuuliza njia. Alisema: "Butoni yangu iko wapi?" Na wewe ukajibu mbele ya wote ya kama ilianguka kule Kampala, siku ya tatu leo, mukipanda ku kanisa. Watu wakacheka, ati Valens ameachia wageni butoni ya muzee. Mama Thacienne alikuwa pale. Sidonie dada yako alikuwa pale, njo yeye alicheka mingi. Tangu ile siku, ile vesti ina butoni tatu, na kila siku ya Mungu munaiona. Munajua tangu lini, na munajua juu ya nini.

Kesho yake ukaenda kusalimia maharagi. Ukakuta ngombe. Waya ilikuwa imezunguka mulima yote, na kando ya waya miti ya mupaka, mipya, majani ingali inalala.

Ulikimbilia kwa Baba mudogo. Mimi nilikuwa nyuma yako. Hakuinuka ku kiti. "Si ulisinya?" alikuambia. "Ile karatasi ya asubui, mbele ya kwenda. Ulisinya kama unauza. Mukono ni yako, mwana wangu. Usiniletee haya mu familia."

Uliangalia mukono yako ya kuume, ukaiweka mu mufuko, na tangu siku ile haukuvulia kitu kofia. Ulizania ni wewe. Ulizania ni ujinga yako, kusinya bila kusoma. Kwa kuona haya haukuomba hata siku moja kuona ile karatasi, wala haukuuliza nani alipanda ile miti mu nafasi yako. Nilikuambia uende kwa shefu, ukasema: "Niende kusema nini, kama sikusoma?" Ukaanza kutafuta namna ya kukomboa mulima. Ukaenda Walikale. Kule Bisie, kwa kampuni ya madini, wakakurudisha ku mulango, kule ni mashini na badje, karata ya kazi. Ukaingia mbele mu pori, mu mashimo ya watu wenye hawaulizwe badje. Ulinipigia simu mara ya mwisho tarehe saba. Mimba ilikuwa ya miezi munane. Ulisema akiwa binti aitwe Noëlla, juu alianza mu ile konje ya Noeli, yenye watu wanapumzika siku mbili. Ulicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ngombe.

Kiisha siku mbili, udongo.

Ulikufa ukizania uliuza mulima ya baba yako. Hii njo kitu siwezi kusamehe. Shamba inaweza kurudi. Ile miezi saba yenye uliishi na uso chini, nani atakurudishia?

Mu mwezi wa tano ya mwaka hii, Baba mudogo akanipeleka kwa shefu. Alitaka nikubali mbele yake ya kama kilio ikiisha nitatoka mu nyumba, niende kwetu, ao nikae chini ya kijana yake wa kuzaa, Théogène, kama bibi yake. Juu ya kunionyesha ya kama sina kitu tena hapa, aliomba sekretere afungue rejista. Alizania siwezi kusoma. Ni kweli, mimi nilimaliza tu ya sita primere, na ninasoma na kidole chini ya kila neno, vile ulizoea kunicheka. Lakini tarehe haina Kifaransa mingi.

Tarehe ya kuuza haikuwa ya mbele ya safari. Ilikuwa 26, mwezi wa kumi na mbili.

Wenye hawajui, mujue: kwetu shamba haiuzwe na wino peke. Mwenye kuuza anatembea mupaka yote na miguu yake, na anapanda miti na mukono yake, mwenye kununua akimuangalia. Bila ile, shefu haandike. Na rejista ilisema Valens Nzabandora alitembea na alipanda, ile tarehe, asubui.

Nikauliza sekretere: "Alipanda yeye mwenyewe, ile siku?"

"Njo vile muzee wa familia aliandikisha, Mama."

Baba mudogo akasema mbele ya shefu: "Yeye mwenyewe. Nilikuwa pale, nilimuona na macho yangu."

Nikasema: "Asante, Baba mudogo."

Valens, sijawai kusema asante tamu kama ile. Nilifunga mutoto ku mugongo, nikarudi nyumbani, nikapika. Nilimupelekea hata yeye maharagi.

Alikosea kitu moja tu. Mwenye ngombe, mwenye kununua, alikuwa anapatikana ile siku peke. Baba mudogo alijua tulisema tutarudi tarehe 26, na hapa tarehe 26 ni siku ya kazi. Alijiambia: mwaka ikipita, nani atakumbuka kama Valens alifika 26 ao 29? Hakujua ya kama kule wanapumzika siku mbili. Na hakujua ya kama mutu mwenye hana kazi ya kufanya anapigaka foto.

Nilingoja mvua ipungue, nikaenda Kirolirwe na miguu, mutoto ku mugongo, kitabu ya nyimbo mu kitenge. Mwenye ngombe ni muzee wa heshima, alinikalisha, akanipa maziwa. Sikumuambia mimi ni nani. Nilimuuliza kama anajua huyu mwanaume wa ku foto. Aliipeleka ku mwangaza, akaiangalia murefu, akatingiza kichwa. Nikamuambia: huyu njo Valens, mwenye alikuuzishia mulima.

Akasema: "Mama, huyu si mutu mwenye alinipandia miti. Yule alikuwa na kovu hapa." Na akaweka kidole chini ya mudomo, upande ya kushoto.

Watu wa Lushebere, siandike jina. Munajua ni nani mu ile familia alipigwa na mbuzi pale akiwa mutoto.

Muzee wa Kirolirwe alinirudishia foto na mikono mbili. Alisema na yeye walimuibia, na atakuja.

Sasa, siku ya posho, Jumamosi yenye inakuja, tunamaliza kilio yako. Munajua desturi. Mutu akikufa, papiye zake, karatasi zake zote, zinaingia mu mufuko moja na muzee wa familia anaichunga. Siku ya kumaliza anaifungua mbele ya watu, anatoa moja moja, anaitaja kwa sauti, anamupatia mujane. Bila ile, kilio haiishe. Baba mudogo njo anashika mufuko. Nilimuona akiiweka, na ninajua iko na nini ndani: karata yako ya kura, karatasi ya ndoa, na lesepase yako, karatasi ya kuvuka mupaka, yenye kashe, muhuri ya kuingia tarehe 24 na ya kutoka tarehe 28. Kama ataitoa, kashe itasema. Kama haitakuwa mule, atatuelezea mbele ya kanisa ni mukono gani iliondoa papiye ya marehemu. Na kama hatakuja, mufuko itaulizwa kwake na wazee, na tutakaa tukilia mpaka atakuja. Yangu mimi ninayo, kashe ni zilezile. Shefu ameshaona foto. Pasta ameshaona foto. Mama Jeannette aliniandikishia barua.

Wengine wataniuliza kwa nini ninamuambia mbele, angeweza kukimbia. Ninataka ajue. Ninataka asome hii karatasi ku mulango ya kanisa, kati ya watu, vesti ikiwa ku mwili, na asijue kama watu wanaangalia karatasi ao wanaangalia butoni. Yeye alikupatia miezi saba ya haya. Mimi ninamupatia siku sita za kuanzia.

Pasta aliniomba nisitafute damu. Sitafute. Sitaki Baba mudogo akufe. Ninaomba Mungu amupe miaka mingi, na macho mazuri, na masikio mazuri, aishi hapahapa, aone Noëlla akipita kila asubui na jembe ku mulima ya babu yake. Ninataka asikie akisalimia maharagi.

Baba mudogo, utavaa ile vesti. Tunakuomba kwa heshima. Mama Thacienne anasema nikuwekee kiti ya mbele, karibu ya muzee wa Kirolirwe, na Théogène akae katikati, juu wajuane muzuri ku mwangaza. Kasiksi, pombe ya ndizi, iko tayari, maharagi iko tayari, hautaondoka na njaa. Ukimaliza kufungua mufuko, nitasimama na kitambaa yangu. Niko na kitu yako ndani. Ulimuuliza Valens mbele ya watu iko wapi, na hakuwa nayo. Mimi ninayo, ya shaba, na uzi yake ingali inashikana. Nitakushonea mimi mwenyewe, polepole, mbele ya wote.

Valens, lala sasa. Inua uso. Haukuuza kitu. Ile siku ulikuwa umekaa ku majani, viatu vyangu ku magoti yako, unahesabu madirisha. Nyumba tutaijenga pale katikati. Madirisha ine, vile ulisema.

Wenye kukukumbuka ni mimi bibi yako Gentille Muhawenimana. Mutoto wako Noëlla, mwenye anajua uso yako ku foto na anaigusa na kidole. Mama yako Thacienne. Dada yako Sidonie na bwana yake Esdras. Wamama wa kambi ya Lushebere, wenye mpaka leo wanaangalia ku jiwe ya mashini kama kumebakia bunga. Na wenzako wa shimo kule Walikale.

Sisi hatutakusahau hata siku moja. Na Baba mudogo Symphorien, kuanzia siku ya posho, na yeye atakukumbuka daima.